Uzi wa Tatu Haukukatika

Jumamosi ya tarehe 13 Agosti 1994, alasiri, damu ilimwagika katika ukumbi wa Pankrasi mjini Songea, na aliyeimwaga hakuwa na kisu wala panga. Ulikuwa ni uzi wa gita.

Osmund, mpiga solo wa Chandamali Jazz, alikuwa amefika pale patamu pa wimbo wao mpya, ule uliochukua mdundo wa lizombe, ngoma ya Wangoni. Watu walikuwa wamekwisha kuvua makoti, baridi ya Agosti wameisahau, vumbi juu. Ghafla, paa! Uzi ukachomoka kwenye gita, ukapinda hewani na kumchana juu ya jicho la kushoto. Osmund akaanguka kwa magoti. Wanawake wakapiga yowe.

Miongoni mwa waliokuwa wakicheza, tena wakicheza kwelikweli, alikuwamo Sajenti Hilda wa idara ya upelelezi. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, amevaa kitenge na viatu vya mtumba vilivyombana. Alikuwa mpenzi wa Chandamali Jazz tangu bendi ilipoanzishwa, na mtu akimkatizia Hilda wimbo katikati amejitafutia maneno. Alipenya umati, akamfunga Osmund kitambaa kichwani, halafu akainama kuuokota ule uzi pamoja na kipande chake kifupi chenye pete ya kushikizia.

"Huu uzi ungeshuka kidole kimoja tu, ungebaki na jicho moja," alimwambia.

"Uzi umekatika tena, dada," Osmund alisema huku akikishika kile kitambaa. "Mara ya nne katika wiki mbili. Na ni huohuo, uzi wa tatu."

Kabla Hilda hajajibu, Pankrasi mwenyewe akatokea. Alikuwa mtu mnene aliyeneemeka tangu zije enzi za ruksa, biashara ilipoachwa huru. Alikuwa na duka la mitumba, basi moja la kwenda Njombe, ukumbi, na vyombo vyote vya bendi. Wala hakuitazama damu.

"Sikiliza, Osmund. Kesho ni fainali ya mashindano ya bendi. Bendi itakayoshinda inakwenda Dar es Salaam kurekodi kaseti. Mimi sitaki kuaibishwa mbele ya wageni. Saa tisa kesho, kama sina hakika na gita hilo, solo atapiga Majaliwa, na wewe utarudi Matogoro ukalime. Umenielewa?"

Osmund alielewa. Uso wake ulionyesha kwamba angeona afadhali apoteze lile jicho.

Hilda aliugeuzageuza uzi kwenye mwanga wa dirisha. Nusu ya ncha yake ilikuwa imelika na kung'aa, nusu nyingine imechanika. Moyo ukaanza kumwenda mbio, na si kwa sababu ya kucheza. Uzi uliochoka hauchoki upande mmoja.

"Mzee Pankrasi," alisema, "mtu ameumia hapa, tena mbele ya macho yangu. Naomba bendi isiondoke."

*

Aliwahoji nyuma ya jukwaa, mmoja mmoja, akikalia kreti la bia. Swali lilikuwa lilelile kwa kila mtu: ulikuwa wapi na uliona nini?

Wa kwanza alikuwa Majaliwa, mpiga gita la ridhimu, ambaye asubuhi hutengeneza baiskeli karibu na soko. Mfukoni mwake koleo lilikuwa limetokeza mpini.

"Nilikuwa kulia kwake, afande. Uzi ukakatika, mimi nikaruka pembeni. Basi."

"Osmund akiondolewa, solo unashika wewe."

"Najua watu watasema hivyo." Majaliwa alikunja uso. "Lakini mimi solo siiwezi. Nikiipiga mimi kesho, tunashindwa, na wote tunabaki hapahapa."

"Una tupa ya kusugulia chuma kazini kwako?"

"Ninazo mbili. Ile ndogo sijui iko kwa nani sasa hivi. Songea nzima inaazima tupa zangu, kurudisha ndiyo hawajui."

"Na gita huwekwa wapi?"

"Stoo. Ufunguo unaning'inia nyuma ya kaunta. Hata wewe ukiutaka utauchukua."

Wa pili alikuwa Amedeus, kiongozi wa bendi, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo zote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na mpaka leo bendi nzima humwita Mwalimu. Ndiye aliyemfundisha Osmund kushika gita tangu akiwa mdogo, zama zile za uhaba, nyuzi zilipokuwa waya wa breki ya baiskeli na vidole vikitoka damu. Hilda alimwamkia shikamoo, akaitikiwa kwa upole.

"Nilikuwa kwenye maikrofoni, mwanangu, nimewapa mgongo. Uzi ulipokatwa nilisikia mlio tu. Nilipogeuka, nikaona damu ya kijana wangu. Sijalala vizuri wiki hizi mbili."

"Huyu Bwana Daimu wa kampuni ya kaseti, atakayeamua kesho, mnafahamiana?"

"Nitamwona kesho, kama wenzangu."

Zamu ya Pankrasi ilipofika, hakungoja swali. "Uzi umekatika kwa sababu ni feki! Nenda dukani kwa Bashiru. Tangu biashara iwe huria kila takataka inaingia nchini. Mkamate yule, kazi yako imekwisha."

*

Bashiru alikuwa Myao wa Tunduru aliyehamia Songea na kufungua duka dogo la redio, betri, na vifaa vya muziki, jirani na nyumba ya wageni. Mlangoni aliweka meza moja ya chai. Aliposikia tuhuma alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Subhanallah! Afande, mimi niuze uzi feki, halafu nikae papa hapa mjini nisubiri kupigwa? Haya, keti. Osmund amenunua nyuzi kwangu?"

"Ndiyo."

"Na Majaliwa?"

"Sijui."

"Kwangu! Pakiti zimetoka katoni moja, siku moja. Za Majaliwa zimekatika?"

Hilda alitikisa kichwa. Bendi ilikuwa imemwambia kwamba wiki zote mbili Majaliwa hakukatikiwa na uzi hata mmoja.

"Basi ugonjwa si wa uzi, afande. Ugonjwa ni wa gita." Bashiru alimmiminia chai yenye tangawizi, ameridhika na hoja yake. "Na hili gita limeanza kuumwa lini? Mimi nakumbuka, kwa sababu Osmund alikuja kununua uzi wa kwanza wa kubadilishia siku moja baada ya yule mgeni wa Dar kupita."

"Mgeni gani?"

"Daimu, yule wa kaseti. Alipita akienda Mbinga, alilala hapa jirani. Alikaa hapo ulipokaa wewe, na mzee Amedeus akakaa hapo. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Mimi siyo mtu wa kusikiliza mazungumzo ya wateja."

"Ulisikia nini?"

"Neno moja tu. Mgeni alisema, 'Huyo mmoja tu, wengine ninao.' Mzee akanyanyuka bila kunywa chai yake. Chai nzuri hii, akaiacha!"

Hilda hakuiacha yake. Lakini aliinywa haraka mpaka ikamchoma ulimi, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na alitaka kufika Matogoro, nyumbani kwa Osmund, kabla halijazama.

*

Mama Aurelia, mamake Osmund, alikuwa anapukuchua mahindi uani. Habari za mjini zilikuwa zimekwisha kumfikia, na kwa zilivyomfikia, mwanawe alikuwa amepofuka macho yote mawili. Hilda alimtuliza kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli, ni uchawi, siyo?"

"Bado nautafuta huo ukweli, mama. Wewe umeona nini?"

Mama alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Uzi wa pili ulipokatika, nikajua kuna mkono wa mtu. Nikaenda kanisani nikachukua maji ya baraka. Kila Osmund akija na gita lake kula, nalinyunyizia. Nyuzi zote, toka juu mpaka chini, na sala juu yake."

Hilda alijikaza asicheke. "Maji hayo yana chumvi, mama?"

"Padri hutia chumvi ya baraka. Ndiyo nguvu yake."

Chumvi juu ya chuma! Kwa muda Hilda alidhani amemaliza kazi, na kwamba mhalifu wake ni mjane anayeshika rozari. Lakini akajiuliza mwenyewe na kujijibu. Maji ya baraka yalianza baada ya uzi wa pili. Ule wa kwanza na wa pili ulikuwa umekufa kwa ugonjwa gani? Tena kutu ingeshika nyuzi zote sita, na ingekata popote inapopenda.

"Mama, zile nyuzi zilizokatika zimetupwa wapi?"

"Zitupwe?" Mama Aurelia alishangaa kama ameambiwa atupe unga. Kwa mtu aliyepitia miaka ya foleni na uhaba, waya hautupwi hata ruksa ije mara saba. "Huo mmoja nimeanikia nguo. Huo umefunga mlango wa banda la kuku. Na huo hapo unashikilia mpini wa sufuria. Na vile vipande vifupi vyenye pete, nimevichomeka hapo ukutani, natundikia miiko."

Hilda aliviendea vile vipande vifupi. Vilikuwa vitatu. Akatoa mfukoni kipande cha nne alichookota ukumbini, akavipanga juu ya ungo. Vyote vilikuwa na urefu mmoja. Vyote ncha zake zimelika upande mmoja na kung'aa.

"Mama," alisema, na safari hii alishindwa kuficha furaha yake, "si uchawi. Mchawi hapimi."

*

Jumapili, baada ya misa, Hilda na Osmund waliingia stoo peke yao na kufunga mlango. Osmund alikuwa na plasta juu ya jicho na hakuwa amelala.

"Pete ya uzi inakaa wapi?" Hilda aliuliza.

"Hapa chini, kwenye briji. Hiki kipande cha chuma kinachobeba nyuzi, karibu na mkono wa kulia."

"Mbona sikioni?"

"Kina kifuniko. Hakuna anayekifungua, dada. Uzi unaupenyeza tu."

"Kifungue."

Walifungua skurubu kwa sarafu. Hilda alipima kipande chake cha uzi dhidi ya briji, ncha yake ikaishia palepale uzi wa tatu unapolalia chuma. Penye nyuzi nyingine tano chuma kilikuwa laini, kimefifia kwa uzee. Chini ya uzi wa tatu palikuwa na mfuo mpya, mwembamba, wenye kingo kali na unaong'aa. Vumbi la chuma lilikuwa bado limeganda ndani ya kifuniko.

Osmund alipitisha kidole, akakitoa upesi. Damu kidogo ilikuwa imetoka.

"Mtu amepitisha tupa hapa," alisema taratibu. "Kila nikiuvuta uzi ulie, chuma kinaukeketa. Nikibadilisha uzi, mpya nao unakeketwa. Ningebadilisha hata mia!" Halafu hasira zikampanda. "Nani, dada? Nani ananifanyia hivi?"

"Kwanza tulitibu gita. Unafanyaje pakilainika?"

Osmund alichukua kipande cha msasa, akausugua ule mfuo mpaka kingo zote zikafa na kidole kikapita bila kukwaruzwa. Akasaga risasi ya penseli, akaipaka penye kila uzi, huku briji na huku shingoni, ili nyuzi ziteleze badala ya kung'ang'ania. Akafunga uzi mpya, akaukaza polepole, akauvuta kwa nguvu zote kama anayetaka kuugombeza. Uzi ukalia. Akauvuta tena na tena. Ukalia tu.

"Na kila ukimaliza kupiga, futa kwa kitambaa kikavu," Hilda alisema. "Mwambie mama abariki wewe. Gita aliache."

Osmund alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sasa nisikilize. Leo saa tisa utaniona nafanya jambo baya. Funga mdomo wako."

*

Saa tisa kasorobo ukumbi ulikuwa umefurika mpaka madirishani. Bendi ya Mbinga ilikuwa imemaliza, na watu walikuwa wanapiga meza wakiitaka Chandamali Jazz. Nyuma ya jukwaa, Pankrasi alikuwa anajifuta jasho.

"Haya, afande. Napeleka nani kwenye solo?"

Hilda, safari hii amevaa sare, alisimama katikati yao. "Gita liliharibiwa na mtu mwenye tupa. Majaliwa, tupa unazo wewe. Ufunguo unaujua. Na Osmund akiondoka, nafasi ni yako. Nyoosha mikono."

Majaliwa alirudi nyuma hatua moja. "Afande, mimi? Haki ya Mungu..."

"Nilijua!" Pankrasi alinguruma. "Mchukue! Na baada ya leo bendi hii naivunja. Vyombo nauza. Nimechoka kufuga nyoka."

Hilda alitoa pingu. Hakumtazama Majaliwa hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa mtu mwingine, na alijua kwamba kama alikuwa amekosea, amemwaibisha mtu asiye na hatia mbele ya wenzake.

Pingu ya kwanza ililia.

"Mwache," sauti ilisema. "Mwache mtoto wa watu. Ni mimi."

Alikuwa Amedeus.

Hilda alifungua pingu, akamshika Majaliwa bega. "Nisamehe, kaka. Nilimjua toka jana, ila sikuwa na ushahidi wa kumfunga mtu. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba aliyefanya hivi anaipenda bendi hii kuliko nafsi yake, na hawezi kusimama akaiona inavunjwa."

"Ulinijuaje?" Amedeus aliuliza.

"Kwa Kiswahili chako, Mwalimu. Mtoto akivunja kikombe, husema kikombe kimevunjika, kama vile kikombe kilijirusha chenyewe. Ndivyo tulivyo wote. Jana Osmund alisema uzi umekatika. Majaliwa naye, ukakatika. Mzee Pankrasi, umekatika. Hata Mama Aurelia anayeamini uchawi, ulipokatika. Wewe peke yako uliniambia, 'uzi ulipokatwa.' Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kuna mkataji."

Mzee alifumba macho. Maisha yake yote alikuwa amesahihisha maneno ya watu.

"Halafu ukaniambia Bwana Daimu utamwona leo. Chai yako kwa Bashiru ilipoa mbele ya huyohuyo Daimu. Alikwambia anamtaka mmoja tu, wengine anao."

"Mmoja yupi?" Osmund aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha amekwisha kufahamu.

Amedeus alimgeukia yeye, si Hilda. "Wewe. Alisema tushinde tusishinde, atakuchukua wewe. Waimbaji anao, watunzi anao. Sisi wengine hana haja nasi. Nikawaza, bila wewe sisi ni nini? Wazee wanaopiga kelele kwenye baa. Nikaazima tupa kwa Majaliwa. Nilitaka uzi ukatike mbele ya Daimu, basi, akuone huaminiki, akuache. Nilijipa moyo kwamba uzi haumuumizi mtu. Jana nilipoiona damu..." Machozi yalimtiririka mbele ya watu wote, naye hakuyafuta.

Pankrasi aliinua mkono ampige kibao. Osmund aliudaka mkono ule.

"Anaimba kwanza," alisema.

"Unasema nini wewe?"

"Nyimbo ni zake. Sijui kupiga akiimba mtu mwingine." Akamgeukia Hilda. "Dada, nakuomba."

Kanuni za polisi hazina kifungu cha kusubiri wimbo uishe. Lakini nje watu walikuwa wanakaribia kuvunja meza, na Sajenti Hilda, hebu tuseme kweli, naye alikuwa anautaka ule wimbo aliokatiziwa jana.

"Nyimbo tatu," alisema. "Halafu kituoni. Kujeruhi mtu ni kosa, Mwalimu, hata kwa mapenzi."

Waliopata kuwepo siku ile bado wanasimulia. Amedeus aliimba kama anayeaga, na Osmund alimjibu kwa gita neno kwa neno. Walipofika pale patamu pa lizombe Hilda alibana pumzi, mikono ameikunja. Osmund akauvuta uzi wa tatu mpaka juu kabisa, akauning'iniza huko, akauvuta zaidi. Ukalia, ukalia, ukalia! Ukumbi ulilipuka. Wanawake walipanda juu ya viti. Bashiru aliyejidai kwamba hachezi dansi alionekana katikati, kofia mkononi.

Walishinda. Daimu, aliyekuwa jaji, hakungoja hata makofi yatulie. Alikuja nyuma ya jukwaa, amevaa suti ya kijivu, akaushika mkono wa Osmund kwa mikono yake miwili.

"Kijana, kaseti ya bendi mtarekodi, hiyo ni zawadi yenu. Lakini wewe nakutaka ubaki Dar. Basi linaondoka kesho alfajiri. Unasemaje?"

Osmund alimgeukia Amedeus aliyekuwa amesimama mlangoni kando ya Hilda, koti mkononi, tayari kwa safari yake nyingine.

"Mwalimu," alisema, "siku ile ulipotoka kwa Bashiru, kwa nini hukuja kwangu? Ungeniambia tu 'usiende,' nisingekwenda."

Mzee alishika mwimo wa mlango. Kati ya vitu vyote alivyokuwa amevifikiria, tupa, ufunguo, uzi, hilo halikumjia kamwe.

"Niambie basi leo," Osmund alisema. "Leo bado nakusikiliza. Ukisema nibaki, nabaki."

Daimu alifungua mdomo, Hilda akamnyamazisha kwa mkono. Amedeus aliitazama plasta juu ya jicho la kijana wake.

"Nenda," alisema. Halafu akatoka nje kabla sauti haijamsaliti, na Hilda ikambidi akimbie kidogo ili amfikie.